Shangazi, nakesha na noti kila usiku na saikolojia bado nimepata D

Shangazi shikamoo,

Natumai u mzima. Mie ni msichana wa miaka 17 nakaa huku Bamburi, nasoma skuli moja ya praiveti, yaani sisi hatufanyi KCSE tunafanya Cambridge, na mwaka huu nina AS, yaani nusu ya kwanza ya A level, ya saikolojia pamoja na baiolojia na biznesi. Hizo mbili niko sawa. Shida ni saikolojia na kinachoniuma ni kuwa ndilo somo nalipenda kushinda yote.

Tuna tafiti 12 za kujua, kina Milgram, kina Bandura, yule mtoto aliyekuwa akiogopa vifungo vya nguo, wale nyani na matoi, zote nazijua Shangazi, ukiniamsha usingizini nakusimulia. Noti zangu wenzangu huziazima wakazipiga picha manake kila utafiti una rangi yake na vichwa nimepigia mistari ya manjano. Kila usiku nazisoma upya tangu ukurasa wa kwanza mpaka saa nane, nikisinzia nakunywa kahawa naendelea. Basi moki ikaja nikapata D. Mwalimu kaniandikia juu ya karatasi, "unasimulia, hujibu swali". Sasa mie sielewi, manake niliandika mpaka mkono ukauma, lile swali la alama 2 nilijaza mistari yote nikapitiliza mpaka pembeni, halafu lile la mwisho la alama 10 la kutathmini sikulimaliza, tukaambiwa kalamu chini nikiwa bado naeleza utafiti ulifanywaje. Na namba nazo zilinikoroga vibaya, Bandura nikamwandikia watu 40 na Milgram nikampa 72.

Nyumbani nako hakuna wa kunielewa. Mamangu husema somo gani hilo la kusoma watu, si ukae barazani tu utawaona. Kakangu alifanya KCSE na huko saikolojia hakuna, basi kila akiniona na kitabu anacheka. Halafu binamu yangu anaolewa wiki mbili kabla ya pepa ya kwanza, na mama anataka niwepo siku zote, hina, nikaha, kupamba, kupokea wageni wa Lamu, yote. Nikisema nasoma naambiwa najidai.

Jambo la mwisho naona haya kulisema. Rafiki yangu ameniingiza kwenye grupu moja wanasema wana pepa zenyewe kabla ya siku, elfu tatu unatuma kwa M-Pesa. Sijatuma lakini nawaza. Ama niliache hili somo kabisa? Nisaidie plizi.

Msomaji wako, Bamburi

*

Marahaba mwanangu, mie mzima alhamdulillahi.

Grupu kwanza manake hilo halina mjadala. Toka, leo. Wengi wa hao ni matapeli, watakutumia pepa ya mwaka juzi wamebadilisha tarehe na hiyo elfu tatu huioni tena, na nani utakwenda kumshtakia. Na ikitokea wanayo kweli basi ndiyo mbaya zaidi, ukijulikana matokeo yako yanafutwa na si ya saikolojia peke yake. Mfute na huyo rafiki kama atakununia.

Sasa tuje kwenye hiyo D. Nimeisoma barua yako mara mbili na nakwambia wewe huna tatizo la akili wala la bidii. Unasoma vibaya na unajibu vibaya, ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yanarekebishika kabla ya pepa.

La kusoma. Unafungua noti zako nzuri, macho yanapita juu ya maneno, kila mstari unauona unaujua, bas unajiambia nimeshika. Hujashika, umezoea tu kuuona. Kuutambua mstari ukiwa mbele yako na kuutoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni kazi mbili mbalimbali, na mtihani unakupa hiyo ya pili. Tena somo lako lenyewe lishalipima jambo hili. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke kule Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma, wengine wakavisoma tena, wengine wakaambiwa funikeni mwandike mnachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walioshinda, na hapo ndipo wanafunzi wengi hudanganyika, wewe ukiwemo, manake ukifunga noti saa nane usiku unahisi umejaa. Lakini walipopimwa baada ya wiki mambo yaligeuka, waliojipima walikumbuka kama asilimia 56 na waliorudia kusoma 42. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5.

Kwa hivyo hizo noti za rangi wape kabisa wenzako wakae nazo. Ukirudi skuli chukua karatasi tupu, andika juu "Hassett", yule wa nyani na matoi, ama "Piliavin" ama yeyote, na uandike kila unachokumbuka bila kufungua kitu, lengo lilikuwa nini, watu gani, wangapi, walifanyiwa nini, walipata nini, wakahitimisha nini. Utakwama. Utachukia. Kaa hapo hapo ukwame kidogo, manake huko kuvutavuta ndiko kunakofanya kazi, halafu ukishamaliza kabisa ndio ufungue kitabu na ujaze ulichosahau kwa kalamu nyekundu. Kesho chukua utafiti mwingine, na huu wa leo urudie baada ya siku mbili tatu, halafu tena baada ya wiki. Ebbinghaus aliandika tangu 1885 kuwa kusahau huenda kasi sana mwanzoni halafu kunapungua mwendo, kwa hivyo unataka kurudi kabla hakijapotea chote lakini si papo hapo. Ile nyekundu ikianza kupungua kwenye karatasi utajiona mwenyewe unaenda mbele bila kuambiwa na mtu.

Namba. Usizikariri kavu, zitakukoroga tena. Namba ya Bandura ijenge, watoto 72, nusu wavulana nusu wasichana, na waligawanywa makundi matatu ya 24, waliomuona mtu mzima akilipiga lile doli la Bobo, waliomuona mtu mzima ametulia, na wasioonyeshwa mtu. 24 mara tatu, kwisha, huwezi tena kumpa 40. Milgram, yule aliyepima utii kwa kuwaamrisha watu wampige mwenzao shoti za umeme zisizo za kweli, ni 40 wote wanaume, wote walifika volti 300, na 26 kati yao walikwenda mpaka mwisho wa mashine, volti 450, ndiyo hiyo asilimia 65 mnayoimba. Ukikumbuka 26 kwa 40 asilimia utaipiga mwenyewe hapo hapo.

Piliavin, yule aliyepima nani husaidiwa na watu akianguka, muweke kwenye feri ya Likoni. Nakwambia kweli, jaribu. Wao walikuwa kwenye treni ya chini ya ardhi New York, kipande kisicho na stesheni katikati, dakika 7 na nusu hakuna wa kushuka, na feri nayo ikishaondoka ng'ambo hii hakuna wa kushuka. Mtu anaanguka. Mara moja ana mkongojo, mara nyingine ananuka pombe na chupa mkononi. Wewe uliyezoea kuvuka unajua watu watamkimbilia nani na nani watamtazama kwanza. Yule wa mkongojo alisaidiwa mara 62 katika 65, yule mlevi mara 19 katika 38, yaani nusu tu. Na swali la kwa nini, lile la kupima gharama ya kusaidia na gharama ya kutosaidia, hapo tena halihitaji kukaririwa, unaliona kwenye nyuso za watu.

Haya, la kujibu, na hapa ndipo alama zako nyingi zilipopotelea. Mwalimu wako kakwambia kweli. Swali lina kitenzi chake, soma hicho kwanza. Likikwambia taja, taja unyamaze. Eleza, unaeleza kwa sababu. Tathmini, hapo hakuna anayetaka kusikia utafiti ulifanywaje, mtahini anaujua kukushinda wewe, anataka kujua ulifanywa vizuri ama vibaya na kwa nini unasema hivyo. Chukua swali kama hili, eleza udhaifu mmoja wa sampuli ya Milgram, yaani watu aliowapima. Nina hakika wewe ulijibu hivi: "Sampuli ilikuwa ndogo kwa hivyo matokeo hayawezi kujumlishwa kwa kila mtu." Jibu hilo ukilipeleka kwa utafiti wowote duniani litakaa, na ndiyo sababu halipati alama zote. Sasa tazama hili: "Washiriki wote 40 walikuwa wanaume wa miaka 20 hadi 50 kutoka New Haven na maeneo ya karibu, na walijitolea wenyewe baada ya kuona tangazo. Kwa hivyo hatuwezi kusema wanawake, ama watu wa nchi nyingine, ama wasiopenda kujitolea, wangetii kwa kiwango hicho hicho." Urefu haukuzidi sana, lakini kila neno hapo ni la Milgram, ukilitoa ukampa Bandura halikai. Jipime hivyo kila ukimaliza sentensi, hii inaweza kukaa kwa mwingine? Ikikaa, hujamaliza.

Na muda. Pepa ni saa moja na nusu, alama 60, yaani dakika 90 kwa alama 60, kila alama ina dakika moja na nusu yake. Swali la alama 2 dakika 3, weka kalamu uende. Wewe uliandika mpaka pembeni ya karatasi kwa alama 2 na mtahini hawezi kukupa 3 hata ungemwandikia utenzi. Lile la alama 10 lina dakika 15 na ukilifikia una dakika 4 ndio yanatokea yaliyokutokea. Mie ningekuambia ulitengeneze nyumbani kabisa, kila utafiti katika hizo 12 uwe na nguvu mbili na udhaifu mbili zako tayari, zenye mfano. Bandura kwa mfano, nguvu, watoto walipimwa ukali wao kabla na wakapangwa kwa kulinganishwa, kwa hivyo huwezi kusema kundi moja lilikuwa na watoto watundu tangu mwanzo. Udhaifu wa maadili, waliwachokoza makusudi, wakawapa matoi mazuri halafu wakawanyang'anya ati haya ni ya watoto wengine. Unaona, hakuna hadithi ndefu hapo, jambo moja na ushahidi wake na maana yake. Na hayo maswali ya miaka ya nyuma, na ile karatasi inayoonyesha alama zinatolewa vipi, muombe mwalimu, ukae na saa mbele yako uandike, usiyasome tu ukatikisa kichwa.

Kahawa na saa nane usiku viache. Si mapenzi ya shangazi haya, ubongo unapanga uliyojifunza mchana wakati umelala, ukiukatia usingizi umejikatia mwenyewe. Wale watu wa Dement na Kleitman, wa utafiti wa usingizi na ndoto, waliolala maabara wenyewe waliambiwa wasiguse kahawa siku hiyo, na wewe utafiti huo unausoma huku kahawa unainywa. Saa nne usiku lala, alfajiri ukishaswali una saa nzima ya utulivu kabla tuktuk hazijaanza kelele, karatasi mbili tupu unazimaliza hapo.

Mamako sasa. Mwanangu, mamako si adui wa saikolojia, hajaambiwa ni kitu gani. "Kusoma watu" ni jibu la mtu aliyesikia jina la somo tu. Na hapa una bahati wenzako hawana, manake mtu asiyejua kitu ndiye bora wa kumfundisha. Jioni ukimsaidia kukuna nazi ama kukata mchicha msimulie wale ndovu wa Nepal katika hizo tafiti zako 12, kwa Kiswahili, bila noti. Walikuwa watano, majike wote, wanne wachanga na mmoja mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, walitaka kuwafundisha kuoshwa mkonga ili wapimwe kifua kikuu, na hawakuwapiga, walitumia filimbi na vipande vya ndizi. Ataanza kukuuliza maswali, filimbi ya nini, si wangempa ndizi tu? Ukiweza kumjibu hilo kwa maneno yake basi unajua kiimarishi cha pili, yaani kitu kama filimbi kinachopata thamani kwa kuambatana na chakula, ni nini na kwa nini kinafanya kazi, na usipoweza umejua mahali pa kwenda kuangalia. Na yule mkubwa alishika? Wachanga wanne walijifunza mfuatano wote, mtu mzima hakuumaliza. Mamako atasema ndio, samaki mkunje angali mbichi, na atakuwa amekuelewa kuliko kakako.

Harusi huikwepi, na wala sitakwambia uikwepe, ya binamu hii huwezi kujifungia chumbani ukasema unasoma, utasemwa mpaka uolewe wewe. Lakini siku zote hizo nazo si haki. Kaa na mama mapema, sasa hivi kabla mambo hayajapamba moto, umwambie siku ya nikaha na ya kupamba niko nawe tangu asubuhi mpaka mwisho, simu sishiki, lakini hina nitakuja alasiri, na wageni wa Lamu nitawapokea nikitoka skuli si kabla. Mpe tarehe za pepa zimeandikwa, abandike hapo jikoni, manake akiziona ndio atajua hujidai. Akikataa mtafute shangazi mmoja wa kweli kwenye ukoo, kila nyumba ina mmoja anayesikizwa, akusemee. Wiki ya harusi usijiahidi mengi, karatasi tupu moja asubuhi inatosha, ukijipangia kumi utazikosa zote halafu ulie bafuni na wanja usoni.

Kakako muache acheke. KCSE kweli haina hilo somo, na yake haina Milgram, kila mtu na mtihani wake.

Kuliacha ama kutoliacha usiamue sasa hivi ukiwa na D ya moki mkononi. Fanya pepa, matokeo ya kikao cha Mei na Juni hutoka Agosti, hapo utaona kama unaendelea mpaka A level ama unaishia AS.

Nimeona hukuniuliza lolote kuhusu pepa ya pili, ile ya mbinu za utafiti, na wanafunzi wengi huifanya ndogo kwa sababu haina hadithi. Nusu ya alama zako za AS ziko huko. Lile swali la kupanga utafiti wako mwenyewe halikaririki, linafanyiwa mazoezi, na mazoezi yake unaweza kuyafanya ukiwa ndani ya matatu ya kwenda skuli. Je, abiria hutoa nauli haraka zaidi kondakta akiomba kwa upole ama akifoka? Utabadilisha nini, utapima nini na kwa kipimo gani, utawapata vipi watu wako, nani aombwe ruhusa, ni kitu gani kitakachokuharibia matokeo, mvua, foleni ya Nyali, kondakta mwenyewe kuwa mchangamfu. Andika moja kila siku mbili umpelekee mwalimu aisahihishe, na kama yuko bize niletee mie nitaisoma.